Muda Ukiwa Upotevu: Jinsi Ofisi Ndogo ya Mbotela Inavyoweza Kukumalizia Kazi Mapema

Kijapani kina neno linalosomeka sawasawa na letu: muda. Kwetu muda ni saa na siku. Kwao muda ni upotevu, yaani jasho linalomwagika bila mteja kupata chochote. Maneno haya mawili hayana undugu wowote, lakini ukisimama kwenye foleni ya kufaili ritani za ushuru mwisho wa Juni, utaona yanaelewana vizuri sana.

Leo tunazungumzia ofisi zinazouza ujuzi. Hazina unga wala sabuni kwenye rafu. Ni mhasibu anayekufailia ushuru, wakili anayekuandikia mkataba, mtu wa kukusajilia biashara, na yule kijana wa saiba anayekuombea vyeti vya serikali. Kuanzia Jogoo Road mpaka ndani ya mitaa ya Eastlands, ofisi hizi ziko kila mahali. Mbotela, mtaa uliopewa jina la mwanasiasa Tom Mbotela aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, ulijengwa kuwa wa makazi, lakini siku hizi chumba kimoja chenye meza, printa na laini ya simu kinatosha kuwa ofisi.

Wengi wenu mnaosoma hapa mnalipia huduma hizo kwa simu, na wengine wenu ndio mnaoziuza. Kwa hivyo makala haya yana pande mbili: jinsi ofisi inavyoweza kuondoa upotevu, na jinsi wewe mteja unavyoweza kuusaidia au kuukataa.

Ilikotoka

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Toyota haikuwa na pesa za kushindana na viwanda vikubwa vya Marekani. Mhandisi wake Taiichi Ohno akaanza kutafuta mahali ambapo kazi hukwama. Alivutiwa na supamaketi za Marekani: mteja anachukua pakiti moja kwenye rafu, mfanyakazi anarudisha pakiti moja. Hakuna kujaza stoo kwa kubahatisha. Ohno akahesabu aina saba za upotevu: kutengeneza kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha ovyo, kufanya zaidi ya kinachotakiwa, kulundika, kutembeatembea, na makosa yanayolazimisha kazi irudiwe.

Huo ndio msingi wa usimamizi usio na upotevu. Haukubaki kwenye magari. Hospitali ya Virginia Mason huko Seattle ilianza kuutumia mwaka 2002, na katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya mawakili ya Seyfarth Shaw, iliyoanzia Chicago, ikauingiza kwenye kesi na mikataba. Hapa jirani, Ethiopia ilifungua taasisi yake ya kaizeni mwaka 2011. Kaizeni ni tawi la fikra hiyohiyo: boresha kidogo kidogo, kila siku, na anayefanya kazi ndiye atoe wazo.

Hata hapa nyumbani umeonja matunda yake bila kuitiwa jina. Huduma Centre ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwaka 2013, na wakazi wa Eastlands sasa wana yao ya Makadara. Zamani kitambulisho kilikuwa jengo moja, cheti cha kuzaliwa jengo lingine, na kila jengo lilikuwa na foleni yake. Kuweka meza zote chini ya paa moja ni kuondoa upotevu wa kutembea.

Dakika 40 ndani ya siku 9

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauzia shule vyakula. Shule imetangaza tenda mpya, na moja ya karatasi zinazotakiwa ni cheti cha KRA kinachoonyesha ametimiza mambo ya ushuru. Anaenda kwa mhasibu Jumatatu na karatasi zake kwenye mfuko. Tenda inafungwa baada ya siku 10 za kazi.

Jumatatu anapokelewa, karatasi zinawekwa juu ya rundo. Jumatano faili linafunguliwa. Ankara mbili hazipo. Anapigiwa simu, hashiki, yuko sokoni. Alhamisi anazileta. Ijumaa msaidizi anaandaa ritani, lakini bosi ndiye mwenye kuikagua, na bosi yuko tao. Jumatatu inayofuata bosi anaona namba ya PIN imeandikwa vibaya, inarudishwa. Jumanne imekuwa sawa, lakini malipo ya ofisi hayajathibitishwa kwa sababu yalitumwa kwenye simu ya bosi. Alhamisi ndiyo anapata cheti. Siku ya 9.

Sasa jumlisha kazi yenyewe: kupanga karatasi dakika 10, kuingiza hesabu 20, kukagua 5, kutuma na kuchapisha 5. Jumla ni dakika 40. Siku 9 za kazi za saa 8 ni dakika 4,320. Maana yake, katika kila dakika 100 ambazo mama huyu alisubiri, hata dakika moja kamili ya kazi haikufika.

Angalia pia kwamba hakuna aliyekuwa mvivu. Msaidizi alikuwa na shughuli kutoka asubuhi hadi jioni. Bosi vilevile. Wao walikuwa mbioni, faili ndilo lililokuwa limekaa. Hii ndiyo tofauti ambayo ofisi nyingi hazioni: tunapima kama watu wako bize, wakati mteja anapima kama faili linasogea.

Na mama yetu alibakiwa na siku moja tu ya kuchapisha, kupanga na kuwasilisha tenda. Stima ikipotea siku hiyo, muhula mzima wa biashara umeenda.

Hesabu ya foleni

Mwaka 1961 msomi wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni rahisi kuhusu foleni. Ukitaka kujua kazi itachukua siku ngapi kwa wastani, gawa idadi ya kazi zilizo ndani ya ofisi kwa idadi ya kazi zinazokamilika kwa siku. Ndiyo hiyo tu.

Ofisi ya mfano wetu ina mafaili 36 mezani na inamaliza 4 kwa siku. 36 gawa kwa 4 ni siku 9. Hakuna uchawi hapo. Hata ukimkaripia msaidizi kila asubuhi, mafaili yakibaki 36 na mwendo ukibaki 4, mteja atasubiri siku 9.

Hebu tuyakague hayo mafaili 36. Tuseme 15 kati yao hayawezi kufanyiwa chochote: hili halina karatasi, lile halijalipiwa, lile linangoja jibu la mteja. Lakini kila asubuhi msaidizi anayapitia, anayapanga, anapiga simu, anayarudisha. Hiyo ni kazi isiyozaa.

Ofisi ikiweka sheria kwamba faili haliingii mezani mpaka limekamilika, yanabaki 21. Kwa mwendo uleule wa 4 kwa siku, ni siku 5 na kidogo. Na kwa sababu msaidizi sasa hasumbuliwi na yale 15, tuseme anamaliza 5 kwa siku badala ya 4. Inakuwa siku 4 na kidogo. Hakuna aliyeajiriwa, hakuna kompyuta mpya iliyonunuliwa.

Tuseme ukweli pia: kama wateja wapya wanaoingia kila siku ni wengi kuliko kazi zinazokamilika, foleni itaendelea kurefuka hata uwe mpangaji wa aina gani. Ndiyo maana Juni ni mwezi mgumu. Ritani za watu binafsi za mwaka uliopita huanza kupokelewa Januari na mwisho ni 30 Juni. Miezi sita hiyo, lakini wengi tunafika wiki ya mwisho. Ukichelewa, faini kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Ofisi yenye busara inaanza kupigia wateja wake wa zamani simu mwezi wa Februari, kumi leo, kumi kesho, ili mzigo ugawanyike.

Pesa nazo zinapanga foleni

Hapa ndipo sisi tunaona mengi, kwa sababu malipo ni sehemu ya kazi. Ofisi inaweza kumaliza ritani kwa nusu saa na bado ikakaa nayo siku mbili kwa sababu haijui nani amelipa.

Hali ya kawaida ni hii. Mteja anatuma pesa kwenye laini ya bosi. Bosi yuko mahakamani, simu imezimwa. Mteja anamwonyesha msaidizi ujumbe kwenye simu yake. Msaidizi anaogopa, na ana haki ya kuogopa, kwa sababu ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa. Anasema, "Ngoja bosi arudi." Jioni bosi anaona malipo saba ya kiasi kilekile kutoka kwa majina asiyoyajua, mengine yametumwa na shemeji au jirani wa mteja. Kulinganisha pesa na mafaili kunamchukua saa nzima usiku.

Njia ya kuondoa upotevu huo ni kutenganisha laini ya mtu na laini ya ofisi.

Kama wateja wako wanalipa mara moja na kuondoka, kama kwenye fotokopi au kuomba cheti, namba ya Till inatosha. Arifa ije kwenye simu ya ofisi ambayo anayehudumia anaiona hapohapo.

Kama wateja wako wanalipa kwa awamu au wana salio, Paybill inafaa zaidi, kwa sababu ina sehemu ya kuandika namba ya akaunti. Fanya namba ya faili iwe ndiyo namba ya akaunti. Mteja wa faili 114 akilipa, hata kama ametumiwa na kaka yake kutoka Mombasa, pesa inafika ikiwa imejitambulisha. Ile saa moja ya usiku inaisha. Kabla ya kuchagua, uliza ada inakatwa kwa nani, wewe au mteja, ili bei yako isimshtue mtu.

Na msaidizi apewe ruhusa ya kuona malipo bila kuweza kuyatoa. Kuona na kutoa ni vitu viwili. PIN ya kutoa pesa ibaki kwa mwenye dhamana, wala isiandikwe nyuma ya daftari.

Jambo lingine: usichanganye ada yako na pesa za serikali. Mteja akidaiwa ushuru, mfumo wa iTax hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mpe mteja namba hiyo alipe mwenyewe. Vilevile malipo ya huduma za eCitizen hupitia Paybill ya serikali, 222222. Pesa ya mteja ikipitia mfukoni mwako kwanza, umeongeza hatua moja, siku moja, na sababu moja ya kugombana.

Mambo matano ya kuanza nayo

*1. Fuata faili moja.* Chukua faili moja kutoka mlangoni hadi linapotoka. Andika saa kila linapoguswa na kila linapokaa. Usibadilishe chochote kwanza. Wenye ofisi wengi hudhani wanajua linapokwama, na daftari huwaonyesha pengine.

*2. Bandika orodha mlangoni.* Kila huduma na karatasi zake: kitambulisho, PIN ya KRA, fomu ya P9 kwa aliyeajiriwa, ankara za eTIMS kwa mwenye biashara. Hiyo ya eTIMS usiipuuze: tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS kwa jumla haikubaliwi kupunguza ushuru, isipokuwa chache zilizosamehewa kisheria. Tuma orodha hiyo pia kwa ujumbe mteja anapopiga simu, kabla hajapanda matatu.

*3. Weka ubao.* Safu tatu zinatosha: linangoja mteja, linafanyiwa kazi, limekamilika. Kila faili ni kikaratasi. Safu ya katikati isizidi idadi mnayoiweza, tuseme matano kwa kila mfanyakazi. La sita lisiingie mpaka moja litoke. Mtu yeyote akiingia, aone kazi iko wapi bila kuuliza.

*4. Kagua hapohapo.* Namba ya PIN, jina na mwaka vikaguliwe kabla mteja hajainuka kwenye kiti. Kosa linaloonekana mteja akiwa mbele yako linagharimu sekunde kumi. Likionekana Jumatatu ijayo, linagharimu siku mbili.

*5. Dakika kumi za asubuhi.* Simameni mbele ya ubao. Jana nini kilikwama? Leo tujaribu nini? Msaidizi azungumze kwanza. Yeye ndiye anayeshika karatasi, na mara nyingi ndiye anayejua dawa.

Kisichofaa kukatwa

Kuna wanaosikia neno upotevu wakafikiria kufuta watu kazi. Ohno hakumaanisha hivyo. Ukimfuta msaidizi aliyekuonyesha hatua isiyo na maana, hakuna atakayekuonyesha nyingine.

Wala si kila kinachochukua muda ni upotevu. Wakili anayekaa kimya akisoma mkataba wako wa shamba mara ya pili anafanya kazi uliyomlipia. Mhasibu anayekuuliza maswali mengi kuhusu deni lako anakulinda. Kinachokatwa ni kusubiri sahihi, kuandika kitu kilekile mara tatu, na kutafuta faili lililo chini ya lingine.

Usiri nao haukatwi. Ubao ule wa mafaili uandikwe namba, majina yabaki ndani ya kabati. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu hata ofisi yenye meza moja: nakala za vitambulisho zisizohitajika tena zisiachwe zikizagaa, wala zisigeuzwe karatasi ya kufungia maandazi.

Kama wewe ndiye mteja

Una uwezo kuliko unavyofikiri. Ukifika kwa mhasibu au wakili, uliza maswali manne.

Je, mnahitaji karatasi gani zote, kwa mara moja? Kazi zilizo mbele yangu ni ngapi, na mnamaliza ngapi kwa siku? Gawa mwenyewe, utapata tarehe ya kweli kuliko "rudi kesho." Nani anaweza kuthibitisha malipo yangu kama bosi hayupo? Na nikimaliza kulipa, nitapata risiti gani?

Ukilipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Likiwa la mtu badala ya ofisi, uliza. Hifadhi ujumbe wa malipo, maana ile namba ya muamala ndiyo ushahidi wako. Ukikosea namba, wasiliana nasi mara moja. Kadiri unavyokawia ndivyo pesa inavyozidi kuwa ngumu kurudi, kwa sababu aliyeipokea anaweza kuwa ameshaitoa.

Usimpe mtu yeyote PIN yako ya pesa, hata mhasibu wa miaka kumi. Nenosiri la iTax nalo ni lako. Ukilazimika kumpa mtu akufailie, ukae hapo, na ulibadilishe siku hiyohiyo.

Mwisho, usiwe sehemu ya lile rundo. Ukija Machi na karatasi zote, unachukua nafasi moja kwa siku moja. Ukija 29 Juni na nusu ya karatasi, unachukua nafasi yako na ya yule mama wa tenda.

Kwa wenye ofisi, kazi ya wiki hii ni ndogo: hesabu mafaili yaliyo mezani sasa hivi, hesabu yaliyokamilika wiki iliyopita, kisha gawa. Namba utakayopata ndiyo ile wateja wako wanaijua tayari, hata kama hawajawahi kukuambia. Na kama mafaili mengine yamesimama kwa sababu ya malipo yasiyojulikana ya nani, menyu ya biashara kwenye simu yako inakuwezesha kuomba taarifa ya malipo ya mwezi mzima. Ichukue, kaa nayo na msaidizi wako, na muanze na hayo.